Kwelea na Mwewe: Yupi Aliyetutawala?

Tangu zamani binadamu amezoea kumtukuza ndege alaye nyama na kumdharau ndege alaye nafaka. Majeshi ya Roma yalipokwenda vitani yalibeba sanamu ya tai juu ya mti mrefu. Napoleon naye akamchukua tai huyo huyo akamweka juu ya bendera za vikosi vyake. Wajerumani walipoitwaa nchi yetu mwishoni mwa karne ya 19, walikuja na tai katika nembo ya dola yao. Hata sisi Waafrika tulipojitawala hatukuiacha desturi hiyo: Zambia ilimchora tai katika bendera yake mwaka 1964, na Sudan Kusini ikamweka katika nembo yake mwaka 2011. Ni nadra kupata dola iliyojivunia ndege mdogo adonoaye mtama.

Nembo yetu ya Tanzania haina ndege hata mmoja. Ina mwenge, mkuki, shoka, jembe, mlima, pembe za ndovu, karafuu na pamba. Sisi watu wa Simiyu tunaridhika kuiona pamba pale, kwa kuwa jasho letu limo ndani yake. Lakini kama ingetakiwa nembo ya historia ya watu wa kanda hii peke yao, na kama haki ingetendeka, basi ndege wa kuchorwa asingekuwa tai wala mwewe. Angekuwa kwelea kwelea.

Najua msomaji atacheka, na ana haki ya kucheka. Hata hivyo namwomba anivumilie kidogo, tuwapime ndege hawa wawili kwa mizani moja. Mimi si mtaalamu wa ndege. Nilikuwa mwalimu, na somo la historia lilinifundisha kuuliza swali moja kila ninapoambiwa kwamba fulani ni mkubwa: je, alibadili nini katika maisha ya watu?

Tuanze na mwewe. Kila mtoto wa Ipililo anamfahamu. Huzunguka juu ya mji akiwa ametandaza mabawa, mkia wake wenye panda ukigeuka huku na huku kama usukani, halafu ghafla hushuka na kuondoka na kifaranga. Kwa ukubwa wake wote wa kuonekana angani, uzito wake haufiki kilo moja. Wapo wakubwa kuliko yeye: yule tai wa mbugani mwenye tumbo jeupe lenye madoadoa, ambaye mabawa yake yakinyoshwa hufika mita mbili na anaweza kubeba mtoto wa swala. Tai hawa huishi mmoja mmoja au wawili wawili, dume na jike, na kila jozi hulinda eneo lake. Yule tai hutaga yai moja tu. Kinda hukaa kiotoni zaidi ya miezi mitatu, akitoka huendelea kulishwa na wazazi kwa miezi mingi, na hupita miaka kadhaa kabla naye hajaanza kutaga. Kwa hiyo tai mmoja akifa, pengo lake halizibiki upesi.

Sasa tumtazame kwelea. Uzito wake ni kama gramu 18 au 20, yaani sawa na karatasi nne za kupigia chapa. Dume lina mdomo mwekundu, na wakati wa kuzaliana uso wake hupakwa weusi kama kinyago. Jike nalo wakati huo hubadilika mdomo ukawa wa manjano. Yumo katika jamii ya mnana, wale mafundi wa kusuka viota, na wataalamu humhesabu katika kundi kubwa la ndege waimbao. Mwana elimu viumbe wa Sweden, Carl Linnaeus, alimwandika katika orodha yake mwaka 1758, kabla Mzungu yeyote hajafika Usukuma. Hutaga mayai matatu hivi. Huyaatamia kwa siku kumi au kumi na mbili, na makinda huondoka kiotoni baada ya kama wiki mbili. Kuanzia kusuka kiota hadi watoto kujitegemea ni wiki sita tu. Wakimaliza hapo, mvua ikiwa imeanza mahali pengine, huhama na kuzaa tena mwaka huo huo. Ndiyo maana wataalamu wanamtaja kuwa ndege wa porini mwenye idadi kubwa kuliko ndege wote duniani. Wanahesabiwa kwa mamilioni mengi, wengine husema kupita milioni elfu moja.

Nusu yao hivi hufa kila mwaka hata bila mkono wa binadamu, na mwaka unaofuata wanakuwapo tena. Hapo msomaji ataona tofauti ya kwanza kati ya hawa wawili. Mwewe na tai wameweka nguvu zao katika mwili. Kwelea ameziweka katika hesabu.

Nami napenda hesabu, kwa hiyo tufanye moja. Kwelea mmoja hula kama gramu 10 za mbegu kwa siku, yaani nusu ya uzito wake. Ni kiasi kidogo ambacho hakijazi hata kiganja cha mtoto. Lakini kundi la kwelea milioni moja, ambalo si kundi la ajabu, hula gramu milioni kumi, yaani tani 10. Hizo ni gunia 100 za kilo mia mia kwa siku moja. Si zote zitokazo shambani, maana chakula chao hasa ni mbegu za nyasi za porini. Lakini nyasi zikipungua na mtama ukawa umekomaa, mzee mwenye ekari tatu hana cha kuuliza. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwa kwelea, haba na haba humaliza kibaba.

Tutazame namna kaya inavyojilinda na kila mmoja wao. Mwewe akionekana, mama mmoja hupiga kelele, kuku hukimbilia chini ya ghala, mtoto hurusha jiwe, mambo yakaisha. Hasara ni kifaranga mmoja, na kazi ya ulinzi ni dakika mbili. Kwelea akija, kijiji kizima husimama. Kuamia ndege, kama tuitavyo kazi ile, huanza kabla jua halijachomoza, maana kwelea huondoka malaloni alfajiri akiwa na njaa, na hurudi tena alasiri. Mlinzi hupanda juu ya dungu katikati ya shamba akiwa na kombeo, debe bovu, kamba iliyofungwa makopo, na sauti yake. Tangu punje zinapotia maziwa hadi siku ya kuvuna ni wiki nne au zaidi, na siku moja ya kutokuwapo yaweza kufuta kazi ya msimu. Kazi hiyo haikuwa ya wanaume wenye nguvu. Ilikuwa ya watoto na wazee.

Hapa ndipo ninapoanza kumwona kwelea kama mtu wa historia.

Zamani za watemi, kazi ya kuamia haikugombana na kazi nyingine ya mtoto isipokuwa kuchunga. Mtama na uwele vilikuwa chakula cha Msukuma, na kila mtoto alikulia juu ya dungu. Kisha ikaja pamba. Pamba ilidai mikono ya kupalilia na kuchuma, na ilileta fedha ya kodi na ya nguo. Wakulima wa kanda ya ziwa waliilima kwa bidii hata vyama vyao vya ushirika vikaungana mwaka 1955 kuwa shirikisho kubwa la Victoria, lililosifiwa Afrika nzima. Kwa hiyo mikono ile ile ikatakiwa mahali pawili.

Halafu ikaja shule. Novemba 1974, mkutano wa TANU huko Musoma ulipitisha azimio kwamba kila mtoto wa Tanzania aanze shule ya msingi ifikapo mwaka 1977. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikamlazimisha mzazi kumpeleka mtoto. Mimi nilikuwa katika ualimu wakati huo, na nakiri kwamba sijaona jambo kubwa kuliko hilo katika maisha ya watu wetu. Watoto walikaa chini ya miti kwa kukosa madarasa, lakini walikuja. Hata hivyo jambo moja halikuandikwa katika azimio lolote: siku ile mtoto alipoingia darasani, alishuka kutoka kwenye dungu.

Daftari la mahudhurio lilikuwa shahidi. Katika shule za mtamani nilizopata kufundisha, mwalimu hakuhitaji kwenda shambani kujua kuwa mtama umetia maziwa. Alifungua daftari asubuhi akaona alama za utoro zimejaa ukurasa. Nakumbuka mzee mmoja niliyemwita kwa ajili ya watoto wake wawili. Aliketi, akanisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akasema: "Mwalimu, wewe unataka mtoto asome, nami nataka mtoto ale. Ndege hawa hawana ratiba ya likizo. Unanishauri nini?" Nilimjibu, "Baba, wapokezane. Mmoja aje leo, mwingine kesho, na wewe mwenyewe ushike asubuhi." Akakubali, na watoto wale wakamaliza darasa la saba. Lakini swali lake lilikuwa kubwa kuliko jibu langu, na wazazi wengine walilijibu kwa njia yao.

Jibu lao lilikuwa mahindi. Mtama hukaa uchi juu ya shuke, kila punje imetolewa nje kana kwamba ndege amealikwa. Hindi limevikwa maganda, na punje yake ni kubwa mno kwa mdomo wa kwelea. Mkulima aliyekosa mlinzi aliona wazi kuwa mahindi yanajilinda yenyewe. Ziko sababu nyingine za mahindi kuenea nchini: ladha ya ugali mweupe, bei na masoko, mbegu mpya, na kampeni za kilimo za miaka ya 1970. Sisemi kwelea alifanya yote hayo. Nasema alikuwapo katika kila uamuzi, na wataalamu wa kilimo wa Afrika Mashariki na ya Kusini wameiandika kazi ya kuamia ndege kuwa mojawapo ya sababu zilizouondoa mtama mashambani.

Matokeo yake tunayajua. Nchi yetu hii ya mbuga nyeusi na mvua za kubahatisha ni nchi ya mtama. Mtama ukikosa maji husinyaa, ukangoja, mvua ikirudi ukaendelea. Mahindi yakikosa maji wakati wa kutoa mbelewele yamekwisha. Kwa miaka mingi serikali, ya kikoloni na ya kwetu, imekuwa ikiwahimiza wananchi kulima mtama na mihogo ili kukinga njaa, na wananchi wamekuwa wakiitikia "ndiyo" kisha wakipanda mahindi. Maofisa walisema ni ukaidi. Laiti wangeketi juu ya dungu kwa wiki nne tangu alfajiri, wangeandika ripoti nyingine. Basi jiulize, msomaji: kuna mwewe gani aliyepata kubadili chakula cha kabila zima?

Tuje sasa kwenye vita vyenyewe, maana serikali hazikukaa kimya. Wakati wa Waingereza tatizo la kwelea lilionekana kubwa kiasi kwamba lilichunguzwa kitaalamu. Mwaka 1956 Disney na Haylock walichapisha utafiti juu ya mahali wanapoishi na kuzaliana hapa Tanganyika. Sehemu mbalimbali za Afrika zilijaribu kuwachoma kwa mitambo ya kurusha moto na kuwalipua kwa baruti wakiwa malaloni usiku. Maelfu kwa maelfu walikufa, na mashamba yakaendelea kuliwa.

Mwaka 1962 nchi za Afrika Mashariki zilianzisha shirika la pamoja la kupambana na nzige wa jangwani, na baadaye shirika hilo likaongezewa kazi ya viwavijeshi, mbung'o na kwelea. Silaha ikawa ndege ya eropleni na sumu. Rubani huruka jioni, jua linapokaribia kuzama na makundi yakiwa yanaingia malaloni, akamwaga sumu iitwayo fenthioni juu ya miiba au matete. Sumu hiyo hushambulia mishipa ya fahamu. Asubuhi ardhi huwa imefunikwa kwa mizoga. Leo kazi hii nchini kwetu iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020.

Kwa nini basi hawaishi? Mtaalamu mmoja Mwingereza, Peter Ward, alilieleza vizuri jambo hili katika miaka ya 1960 na 1970. Kiangazi kwelea huokota mbegu kavu za nyasi zilizodondoka chini. Mvua ya kwanza ikinyesha mbegu hizo huota zote, na ghafla ndege hana chakula. Ndipo huruka mbali kuelekea mahali ambapo mvua ilitangulia na nyasi zimekwisha kutoa mbegu mpya. Kisha hurudi nyuma akiifuata mvua na kuzaa njiani. Kwa hiyo kundi lililouawa Aprili si lazima liwe ndilo lingekula mtama wako wa Juni. Na nafasi ya waliokufa hujazwa na wengine watokao hata nje ya mpaka. Watafiti wa leo wanakubali kwamba sumu haiwezi kummaliza kwelea Afrika. Faida yake ni kuliokoa shamba hili, mwaka huu, ikiwa imepigwa mahali panapostahili na kwa wakati wake.

Lakini yupo anayeweza kumalizwa na sumu hiyo, na hapa ndege wetu wawili wanakutana. Malalo ya kwelea ni karamu. Kipanga, tai na korongo huja kutoka mbali kula makinda na wagonjwa. Asubuhi ya sumu, kwelea anayetapatapa chini ndiye windo rahisi kuliko yote, na kila anayemeza kumi amemeza sumu ya kumi. Mwewe, kipanga na bundi wamekutwa wamekufa karibu na malalo yaliyopuliziwa. Kumbuka hesabu yetu ya mwanzo: kwelea waliokufa watarudishwa kwa misimu michache, lakini yule tai wa yai moja hatarudishwa. Risasi imemlenga mdogo, aliyeanguka ni mkubwa.

Jambo hili si geni duniani. Huko Marekani na Uingereza, baada ya Vita Kuu ya Pili, dawa ya DDT ilimwagwa kuua wadudu. Wadudu wakaliwa na ndege wadogo, wadogo wakaliwa na kipanga, na sumu ikakusanyika kwa wa mwisho. Mwaka 1962 Rachel Carson aliandika kitabu cha kuonya watu. Mwaka 1967 Derek Ratcliffe akaonyesha kuwa maganda ya mayai ya kipanga yamekuwa membamba hata yanavunjika chini ya mama yao. Marekani ilipiga marufuku matumizi ya DDT mashambani mwaka 1972, na ikawa mwaka 1999 ndipo kipanga wa huko alipoondolewa katika orodha ya walio hatarini. Ilichukua miaka 27 kuponya kosa hilo.

India iliona makubwa zaidi. Katika miaka ya 1990 tumbusi wake walianza kutoweka, na zaidi ya asilimia 97 ya jamii tatu kuu walipotea. Mwaka 2004 ilijulikana kuwa chanzo ni diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe. Tumbusi akila mzoga wa ng'ombe huyo figo zake hufa. India, Pakistan na Nepal ziliikataza kwa mifugo mwaka 2006. Lakini kwa wakati huo mizoga ilikuwa imekwisha kuachiwa mbwa, na mbwa wakaongezeka pamoja na hatari ya kichaa chao.

Nasi tu majirani wa Serengeti na Pori la Akiba la Maswa, ambako tumbusi ndio wasafishaji. Yupo tumbusi wa kule ajengaye kwenye majabali ya milima ya Gol. Mwenzake mmoja wa jamii yake aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan mwaka 1973 kwenye kimo cha futi 37,000, ambako mtu hawezi kuvuta pumzi. Kiumbe mwenye uwezo huo, mwaka 2015 shirika la kimataifa la hifadhi, IUCN, lilimweka katika daraja la walio karibu kabisa kutoweka, yeye na tumbusi wengine kadhaa wa Afrika. Adui yao mkubwa ni nyama iliyotiwa sumu na wafugaji wanaolipiza kisasi kwa fisi na simba, au na majangili wasiotaka tumbusi waonyeshe mahali walipoua.

Wachina nao walituachia fundisho la upande wa pili. Mwaka 1958 serikali ya Mao Zedong ilitangaza vita dhidi ya maadui wanne: panya, nzi, mbu na shomoro. Shomoro alishtakiwa kwa kula nafaka. Wananchi wakapiga ngoma na masufuria mchana kutwa ili shomoro asitue, hata aanguke kwa uchovu. Walifaulu kweli, kwa kuwa shomoro hahami kama kwelea. Ndipo ikaonekana kuwa shomoro alikuwa akila pia wadudu wa mazao. Mwaka 1960 alifutwa katika orodha na kunguni akawekwa mahali pake. Njaa kubwa ya 1959 hadi 1961 ilikuwa na sababu nyingi, nyingi zikiwa za utawala, lakini vita vya shomoro havikumsaidia mwenye njaa. Hata kwelea wetu huwalisha makinda wake wadudu katika siku zao za kwanza.

Naongeza jambo moja ambalo vitabu tulivyosomea chuoni havikuwa nalo. Tulifundishwa kumpanga kipanga pamoja na mwewe na tai, kwa kuwa wote wana kucha na mdomo wa ndoano. Mwaka 2008 wanasayansi waliochunguza chembe za urithi walitangaza kuwa kipanga si ndugu wa karibu wa mwewe. Ndugu zake ni kasuku, na ndege wale wale waimbao ambao kwelea ni mmoja wao. Mla nyama na mla mtama walitoka katika ukoo mmoja, kisha kila mmoja akachagua kazi yake.

Basi turudi kwenye swali letu. Yupi mkubwa? Kwa macho, tai. Kwa historia ya nchi hii, kwelea. Yeye ndiye aliyegawa saa za watoto wetu kati ya dungu na dawati. Yeye alichangia kubadili kilichomo chunguni. Yeye ameziweka serikali angani na mapipa ya sumu. Wengi wape, walisema wahenga. Usipowapa watachukua wenyewe. Anayeandika historia ya wakubwa peke yao ataandika mambo ya kifaranga, aache ya ghala.

Lakini mwalimu hawezi kumaliza somo bila kuacha kazi ya kufanya. Mwaka 2025 nchi zilizokutana Geneva chini ya mkataba wa Rotterdam zilikubaliana kuiingiza fenthioni ile kali ya kupulizia kwelea katika orodha ya sumu ambazo nchi haiuziwi kabla ya kuarifiwa na kutoa ridhaa. Hilo si katazo, ni onyo. Wakati wataalamu wakitafuta njia nyingine, sisi wakulima tunazo zetu. Wenzetu wa Kondoa kwa miaka mingi wamewanasa kwelea kwa vikapu vya kusuka, wakawala na kuwauza. Adui akawa kitoweo, na hakuna tai aliyekufa. Kule Serere, Uganda, watafiti walitoa zamani mtama wa Serena, wenye punje za hudhurungi zenye ukakasi ambazo ndege huziacha akipata nyingine. Si mtamu kama mweupe, ila hubaki shambani. Kijiji kikipanda wiki moja na kuvuna wiki moja, ndege hugawana mashamba yote na hakuna mmoja anayemalizwa; anayepanda peke yake mapema au mwisho ndiye anayewalisha wote.

Ngitili zetu nazo zilihimizwa upya na mpango wa HASHI kuanzia mwaka 1986, baada ya miti kufyekwa miongo mingi kwa ajili ya mbung'o, pamba na kuni. Mle ndani tuache miti mirefu michache isimame. Mwewe na kipanga huhitaji mahali pa kujenga, na kila kwelea wanayemla ni gramu 10 za punje kwa siku ambazo hatukumtuma mtoto kuzilinda.

Na eropleni ikipita jioni juu ya mbuga, asubuhi yake wazazi wawazuie watoto wasiende kuokota ndege waliokufa, hata wakiwa wengi na wanono kiasi gani. Kitoweo hicho kina sumu ile ile iliyomwangusha tai. Watoto hao mahali pao asubuhi ni shuleni, na mzee aliye na nguvu bado ashike kombeo.